Safari ya Triza Kwenda Marekani Kupitia Norway

Kufikia Alhamisi jioni kadi zilikuwa zimekwisha kuchapishwa, na hapo ndipo Triza Nalianya alipopata habari kwamba anakwenda Marekani.

Alizikuta juu ya meza, mafungu mawili yaliyofungwa kwa mpira, rangi ya waridi, zikinukia wino. Familia ya Bwana na Bibi Lusweti wa Ziwani ina furaha kukualika katika sherehe ya kumuaga binti yao Triza, anayesafiri kwenda MAREKANI KUPITIA NORWAY. Jumamosi, saa nane mchana, mbele ya nyumba. Na chini kabisa, kwa herufi ndogo: Hakuna harambee. Njoo na sala zako.

"Mama," Triza akasema, mkoba ungali begani. "Hii ni nini?"

"Usizikunje," mama yake, Asenath, akajibu kutoka jikoni. "Hamsini zimeshatoka. Hizo zilizobaki ni za wenzake baba yako, kule kiwandani mtaa wa Baba Dogo."

"Lakini mimi siendi popote."

Asenath akachungulia penye pazia, mwiko mkononi, uso ukimetameta kwa mvuke na furaha. "Sawa, sawa. Hata binti wa jirani Opicho alisema hivyo hivyo mpaka siku ya ndege. Wasafiri wa siku hizi mna siri nyinyi!"

Chanzo cha yote kilikuwa barua moja. Triza alikuwa mtunza mashine wa Njiwa Online, kampuni ndogo ya intaneti yenye vyumba vitatu juu ya duka la vitambaa mjini. Wateja hawakumjua. Waliyemjua ni Bedan wa mapokezi, mwenye tai na tabasamu. Triza alikaa chumba cha nyuma kisicho na dirisha, pamoja na kompyuta iliyopokea barua pepe za wateja wote na kuzisambaza duniani. Programu iliyoifanya kazi hiyo ilikuwa ya bure. Watu wa nchi mbalimbali, wengi wao hawajaonana hata siku moja, waliitengeneza kwa kujitolea, na yeyote aliruhusiwa kuisoma mstari kwa mstari na kuirekebisha. Triza alikuwa akiisoma saa ya chakula cha mchana huku akila mandazi, vile wasichana wengine wanavyosoma magazeti. Mwezi wa tano mwaka huo, 1998, akakuta mwanya ndani yake: mtu mwenye nia mbaya angeweza kupenya na kusoma barua za kila mtu. Akaandika marekebisho, mistari kumi na mmoja tu, akayatuma kwa watunzaji wa programu. Siku ya nne akajibiwa na mmoja wao, Henrik wa Norway. Ahsante sana, aliandika Henrik. Kazi safi. Tumeyatia katika toleo jipya, na jina lako limo kwenye orodha ya shukrani.

Triza aliisoma mara sita. Kisha akaichapa, akaenda nayo nyumbani, karatasi ya printa ingali na vile vitobo vya pembeni, akamwonyesha mama yake kwa aibu kama mtu anayeonyesha picha ya mchumba.

"Wamekulipa ngapi?" Asenath aliuliza.

"Hawalipi, mama. Ni kazi ya kujitolea."

"Umewafanyia wazungu kazi ya bure?" Asenath akaketi. Akafikiri. Akachukua barua, akavuka ua hadi kwa Gitonga, jirani yao, katibu wa kanisa na bingwa wa kuunda kamati.

Gitonga aliisoma yote kwa sauti, akaitafsiri bila kosa hata moja, kisha akavua miwani. "Mama Triza, nikuulize. Umewahi kusikia mzungu amemwandikia mtu wa Ziwani barua ya kushukuru, basi, mambo yakaishia hapo?"

"Sijawahi."

"Mzungu akikuandikia, anakuita. Hii ya kwanza ni ya adabu. Ya pili inakuja na tikiti. Sasa, tungoje ya pili ndipo tuanze kupanga? Hema tutapata wapi?"

Kamati iliundwa jioni ile ile. Na kwa kuwa mtu hakai katika kamati ya kumuaga yeye mwenyewe, hakuna aliyemwambia Triza neno.

Sasa, kabla hajavua viatu, mlango ulibishwa. Alikuwa Wangeci, mke wa Gitonga, na furushi la njahi, yale maharage meusi.

"Ni kilo nne tu, Triza wangu. Za ndugu yangu. Mwambie azipike na nazi kama huko iko."

"Mama Wangeci, ndugu yako si yuko Ujerumani?"

"Eeh. Si ni huko huko?"

Baada yake akaingia Luul, mwenye duka la kona, na mkebe wa halua kwa dada yake wa Minnesota, na baada ya Luul wanakwaya wawili wakiwa na futi ya kupimia nguo, kwa kuwa kina mama wa kanisa walikuwa wameamua kumfumia sweta la baridi. Triza aliinua mikono ikapimwa. Alifungua kinywa kusema ukweli mara saba, na mara saba mtu akamkumbatia. Alikuwa msichana wa kuomba radhi hata anapokanyagwa. Kufikia saa mbili njahi ilikuwa chini ya kitanda, halua juu ya kabati, na yeye mwenyewe amekaa katikati akimtazama baba yake.

Lusweti alikuwa akijaribu koti la kuazima. Kiwanda kilikuwa kimewapunguzia siku za kazi, sasa walikuwa wakiingia siku tatu kwa wiki, na tangu hapo ni mshahara wa Triza uliolisha nyumba.

"Baba, siendi Marekani."

"Najua," Lusweti akasema, akijitazama kwenye kioo. "Niliisoma hiyo barua. Inasema ahsante."

"Na hukusema?"

"Nilisema. Mama yako aliniuliza kama nina wivu."

"Mwambie tena, baba, tafadhali."

"Mimi?" Lusweti akashusha sauti. "Mwanangu, ameshawaalika hata wale waliomcheka alipouza sufuria zake ukienda chuoni. Tangu Jumatatu anatembea kama mkuu wa mkoa. Mimi nataka kuishi. Mwambie wewe."

Kutoka jikoni Asenath alikuwa akiimba. Alikuwa na sauti mbaya, na hakuwa ameimba tangu kiwanda kipunguze kazi. Triza akasikiliza beti mbili nzima, akashindwa.

*

Ijumaa asubuhi Bedan alimpokea kwa makofi.

"Triza, niaje! Kumbe unaenda majuu na umenyamaza hivyo? Wewe ni mnoma!"

"Nani amekuambia?"

"Mama yako. Alikuja jana na kadi ya bosi. Bosi ndiye mgeni wa heshima."

Bwana Maingi, mwenye kampuni, alikuwa amemchukua kwa miezi sita ya majaribio, na miezi hiyo ilikuwa ikiisha Jumatatu. Siku hiyo ndiyo angepewa barua ya kuajiriwa au ya kwaheri. Akaenda kubisha.

Bwana Maingi alikuwa mtu mwema asiyesikiliza. Kadi ya waridi ilisimama mezani pake, imeegemezwa kwenye simu.

"Hongera! Ningependa kukununia, lakini nitakununia vipi na mama yako amenipa cheo? Usijali kuhusu nafasi yako. Nimempa Bedan. Anaanza Jumatatu."

"Bwana Maingi, mimi si—"

"Bedan ana bidii."

"Ndiyo, bwana. Lakini si... Na pia ule mwanya. Ule niliokueleza. Juzi Jumatano watunzaji wametoa tangazo. Sasa dunia nzima inajua uko wapi, wazuri na wabaya. Nikipata saa moja tu niweke toleo jipya..."

Maingi akainua kiganja. Ilikuwa mara ya nne anaombwa, na jibu lilikuwa lile lile. "Triza. Mashine inafanya kazi? Inafanya. Basi usiiguse. Kitu cha bure hakina mwenyewe. Kikiharibika nitamshtaki nani?" Simu ikalia. Akaichukua, akamwashiria kwa vidole kwamba watakutana kesho, na kwamba atakuja na njaa.

Triza akarudi chumba cha nyuma. Bedan akamfuata, akashika mlango.

"Sikiza, nionyeshe tu kidogo. Hii kitu inawashwa wapi?"

"Haizimwi, Bedan."

"Kamwe?"

"Kamwe."

Bedan aliitazama mashine kwa heshima, akajiondoa taratibu kama mtu aliyemwona mbwa asiyefungwa.

*

Jumamosi saa nane hema lilikuwa limejaa, na saa tisa lilikuwa limemwagika. Wali ulikuwa mwingi, kuku saba walikuwa wamechinjwa, na baba mkubwa Simiyu, kaka yake Lusweti, alikuwa amesafiri usiku kucha kutoka Webuye ili atoe baraka. Triza aliketishwa mbele kwenye kiti kilichofunikwa kitambaa cheupe, ndani ya sweta zito la buluu, jua likimchoma. Kila aliyepita alimpa mkono na mzigo.

Bwana Maingi alifika na suti ya kijivu na Bedan. Akapewa kuku wake, akala, akasimama kutoa hotuba. Akasema Triza alikuwa msichana mtulivu. Akasema kampuni itamkosa. "Lakini maisha yanaendelea," akasema, "na kuanzia Jumatatu nafasi yake itashikwa na kijana huyu hapa, Bedan. Simama wakuone!" Bedan akasimama nusu. Watu wakapiga makofi kwa nidhamu. Lusweti peke yake hakupiga. Alikuwa akimtazama binti yake, na mdomo wake ulikuwa ukisema bila sauti: sasa.

"Na sasa," Gitonga akatangaza, "msafiri mwenyewe."

Triza alisimama. Akamtazama mama yake aliyekuwa safu ya mbele, kitambaa kipya kichwani, amekwisha kuandaa machozi.

"Siendi," akasema.

"Sauti!" watu wa nyuma wakaita.

"Siendi!" Safari hii ilitoka kubwa kuliko alivyotaka. "Siendi Marekani. Siendi Norway. Hakuna aliyeniita. Nilirekebisha kitu, wakasema ahsante. Ndiyo hiyo tu. Naomba mnisamehe kwa kuku, na kwa hema. Na baba mkubwa, pole kwa basi. Mizigo yenu yote iko, nitairudisha. Halua imefunguliwa kidogo."

Mtoto mmoja akacheka, akafinywa. Asenath hakusonga.

"Ulirekebisha nini?" akauliza Luul, kwa upole.

Triza akashusha pumzi. Hili alilijua. "Mnaijua ile fomu ya kitambulisho, kule kwa chifu? Ina visanduku vya jina. Sasa, baba mkubwa aende na jina lake lote."

"Absalom Simiyu Wafula Mukhwana," mzee akasema papo hapo, kwa fahari.

"Herufi zitajaa visanduku, zitapita, zitaandikwa juu ya ile sehemu ya chini, ya maagizo ya karani. Programu yetu ilikuwa hivyo. Haikuhesabu visanduku. Mwizi akijua, anajiita jina refu, refu sana, na mwisho wa jina anaandika: mpe huyu funguo za ofisi. Na karani ni mashine, haifikiri. Inasoma, inatoa funguo." Akasahau kuogopa. Mikono ilianza kuruka ndani ya mikono mirefu ya sweta. "Mimi nilifanya jambo dogo tu, baba mkubwa. Niliiambia ihesabu. Jina likizidi visanduku, ikate."

"Inikate mimi?" Simiyu akauliza, na hema lote likacheka.

Bwana Maingi hakucheka. Kijiko kilikuwa kimesimama njiani. "Triza. Huo mwanya. Uko hata kwetu?"

"Ndiyo, bwana. Wengine wanaendelea kuuziba tangu Jumatano. Wetu uko wazi."

"Kwa nini uko wazi?"

"Ulisema nisiguse."

Sauti ya "aaah" ikapita chini ya hema, kutoka mbele hadi nyuma, kama maji yanayomwagwa. Maingi akageuka. "Bedan, unaweza kuuziba?"

"Mimi, bosi?" Bedan akaweka sahani chini. "Bosi, mimi najua kusema karibu Njiwa. Hiyo mashine jana iliniangalia vibaya. Mwachie mwenyewe, haki."

Hapo Asenath akasimama. Watu wakaweka vijiko chini, maana walimjua. Alikuwa amekunja uso kama anayepiga hesabu ngumu.

"Triza. Hao wanaotengeneza hiyo kitu, ni wangapi?"

"Sijui, mama. Labda mia mbili."

"Wazungu?"

"Wazungu, Wahindi, Wajapani. Wako kila mahali."

"Na hakuna aliyeuona huo mwanya?"

"Walikuwa hawajauona."

"Mia mbili," Asenath akasema polepole. "Wakakaa nao. Wakaamka nao. Na wewe ukauona ukila mandazi?"

"Ndiyo, mama."

Asenath akawageukia wageni, mikono kiunoni, na uso wake ukafunguka wote. "Mmesikia? Eti wamwite! Wamwite wa nini, na ameshawamalizia kazi akiwa hapa hapa?" Akapiga kigelegele kimoja kirefu, na kina mama wa kanisa, waliokuwa wamekaa na vyao tangu asubuhi wakisubiri mahali pa kuvitolea, wakavitoa vyote pamoja. Lusweti akavua koti la kuazima, akalirusha juu.

Kelele zilipopungua kidogo Asenath alikuwa amesimama mbele ya mgeni wa heshima.

"Bwana Maingi. Huyu msichana ana kazi au hana?"

"Mama, tutaongea vizuri Jumatatu."

"Jumatatu wezi watakuwa wamemaliza kusoma."

Maingi akatazama sahani. Akawatazama watu, na wote walikuwa wakimtazama. "Anayo," akasema.

"Ya majaribio?"

"Ya kudumu."

"Katibu, umeandika?"

"Naandika," Gitonga akasema, daftari la kumbukumbu za kanisa likiwa tayari gotini. "Ya kudumu. Kuanzia leo. Bwana Maingi, weka sahihi hapa, chini ya hesabu ya viti." Maingi akaweka sahihi. Wangeci na Luul wakaweka, kama mashahidi.

"Na sasa twende," Maingi akasema, akitafuta funguo za gari. "Triza, twende haraka."

"Ngoja," baba mkubwa Simiyu akasema. Alikuwa amesimama, fimbo mkononi. "Mimi nimetoka Webuye kusindikiza mtu. Nimekula kuku wa kusindikiza. Huyu binti hatoki hapa peke yake."

Hakuna aliyeweza kupinga hilo. Ukila chakula cha kuagana, unamsindikiza msafiri. Umbali wa safari haukuwa hoja.

*

Walitembea. Kutoka Ziwani hadi mjini si mbali, na hema lote lilitoka, zaidi ya watu sitini, kwaya mbele, Simiyu na fimbo yake nyuma ya kwaya, halafu Triza katikati ya mama na baba yake, akitokwa jasho ndani ya sweta ambalo hakuna aliyemruhusu kulivua. Gari la Bwana Maingi lilifuata nyuma kwa mwendo wa mazishi, Bedan dirishani akipungia watu mkono. Kwenye soko la Kariokor wauza viondo, vile vikapu vya mkonge, waliacha kusuka wakasimama. Mahali fulani Racecourse Road watu wasiojulikana wakajiunga, kwa ajili ya nyimbo.

Mlinzi wa jengo aliwaona wakikata kona, akafunga lango.

"Mnaenda wapi?"

"Tunamsindikiza," Asenath akajibu.

"Anasafiri?"

"Anaenda ghorofa ya tatu."

Mlinzi akafungua lango, wakapanda. Chumba cha nyuma, ambacho siku zote kilikuwa kimeona mtu mmoja, kiliingia watu kumi na wawili. Waliosalia walijaa kwenye ngazi, wawili wawili kila kidato, hadi chini, hadi nje, hadi barabarani. Triza akaketi. Akakunja mikono ya sweta. Vidole vilipogusa vitufe aibu yote ilimtoka, na mama yake, ambaye hakuwahi kumwona akifanya kazi, aliona binti asiyemjua vizuri, aliyenyooka mgongo, anayeamuru.

Kwanza akapekua kumbukumbu za mashine kuona kama kuna aliyepenya. Watu wakashika pumzi kwa sababu Maingi alikuwa ameshika yake.

"Hakuna aliyeingia," Triza akasema. "Bado."

Kisha akaanza. Mistari ikawa inapanda kwenye kioo cha kompyuta, mingine juu ya mingine, haraka kuliko macho. Triza akaweka mikono mapajani.

"Sasa unafanya nini?" Asenath akanong'ona.

"Nasubiri, mama. Inajijenga upya."

"Hiyo ndiyo kazi?"

"Nusu yake."

Walisubiri dakika ishirini na tano. Wangeci alimbembeleza mtoto wa mtu. Kwenye ngazi kwaya iliimba kwa sauti ya chini, ili isiisumbue mashine. Mistari ikasimama. Triza akaandika jina refu la uongo, herufi elfu nzima, akalituma kwenye mashine yake mwenyewe kuijaribu, na mashine ikalikataa kwa sentensi moja fupi ya adabu. Akacheka. Alicheka peke yake, kwa sauti, kichwa nyuma, kama mtu aliyetekenywa.

"Umeziba?" Asenath akauliza.

"Nimeziba."

Asenath akageukia mlango. "Ameziba!"

"Ameziba!" akaita Lusweti kwenye ngazi.

"Ameziba!" ghorofa ya pili. "Ameziba!" ghorofa ya kwanza, sauti ya Luul. Neno likashuka kidato kwa kidato, likampita mlinzi ambaye naye alilipokea na kulipeleka mbele, likatoka nje kwenye jua la jioni, na vigelegele vikalipuka barabarani kutoka kwa watu waliokuwa wamefika wakati huo huo tu.

Mwuza njugu mmoja akamshika mkono mzee aliyekuwa akirukaruka na fimbo mlangoni. "Mzee, kuna harusi?"

"Hapana," Simiyu akasema, akihema. "Ni binti yetu. Ameziba mwanya."

"Mwanya gani?"

Simiyu akafikiri kidogo.

"Sijui," akasema, "lakini ulikuwa mkubwa!"